Ara Güler: Mpigapicha Aliyeihifadhi Istanbul

Ara Güler alizaliwa Istanbul mwaka 1928, katika familia yenye asili ya Kiarmenia, na baba yake alikuwa na duka la dawa mtaa wa Beyoğlu. Alianza uandishi wa habari mwaka 1950, na haukupita muda mrefu picha zake zikawa zinachapishwa na majarida makubwa ya Marekani na Ulaya. Aliwapiga picha Churchill, Picasso na Dalí, na sifa hizo ndizo hutajwa kwanza. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kazi yake nzito zaidi ni ile aliyoifanya miongoni mwa wavuvi wa Kumkapı, makuli wa bandarini na wateja wa mikahawa ya mjini kwake. Katika picha moja ya mwaka 1956, gari la farasi na tramu vinakutana barabarani huko Sirkeci, na mtazamaji anaona nyakati mbili za mji zikigombea njia moja.

Mwaka 1958 alitumwa mkoani Aydın kupiga picha za bwawa jipya, akapotea njia, akalala kijiji cha Geyre. Humo mkahawani aliwakuta wanaume wakicheza karata juu ya vichwa vya nguzo za Kirumi walivyovifanya meza, na alipozunguka kijijini aliona mawe yaliyochongwa yakiwa yamejengewa kuta za nyumba. Picha alizopiga zilipochapishwa nje ya Uturuki ziliwavutia wataalamu, na mwaka 1961 mwanaakiolojia Kenan Erim akaanza uchimbaji uliofukua mji wa kale wa Aphrodisias, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2017.

Güler hakupenda kuitwa msanii, kwani alijiona mwandishi wa habari anayetunza kumbukumbu za kuonekana kwa macho. Sisi tunaohifadhi nyaraka tunamwelewa vizuri: picha zake zina thamani ya ushahidi kwa sababu tunajua zilipigwa wapi na lini, na sehemu kubwa ya mitaa ile imekwisha kubomolewa. Jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa Istanbul tarehe 16 Agosti 2018, siku aliyotimiza miaka 90, miezi miwili kabla ya kifo chake, na kazi ya kupanga hazina hiyo kubwa ya picha imebaki mikononi mwa watunza nyaraka.