Je, wajua? Kifuniko cha sufuria Tukuyu na siri ya ndege za kivita jangwani

Kifuniko cha sufuria ya alumini kiking'oka kishikio, fundi wa sokoni hukitoboa, akapachika bolti ya chuma na kipande cha mti, kazi imekwisha. Kitumie Tukuyu misimu miwili ya mvua, kisha tazama kuzunguka bolti. Utaona unga mweupe, tundu limepanuka, kishikio kinacheza. Bolti yenyewe ina kutu kidogo tu. Kilicholiwa ni kifuniko.

Hicho ndicho kinachoua ndege ya kivita iliyostaafu. Wengi hudhani ndege huchakaa kwa kuruka. Ukweli ni kwamba ikiegeshwa mahali pabaya inaweza kuharibika vibaya kuliko ilivyokuwa kazini, kwa sababu kazini ilikuwa na mafundi wanaoifungua na kuikagua kila mara.

Tumezoea kusema alumini haishiki kutu. Ni kweli nusu. Alumini safi hujifunika utando mwembamba unaoikinga, lakini ni laini mno kubeba bawa. Kwa hiyo watengenezaji huichanganya na shaba, kama asilimia 4 hivi. Hapo inapata nguvu, na hapohapo inapata ugonjwa. Shaba ile ndani ya bati, na bolti za chuma zilizopita humo, zikikutana na unyevu hufanya kazi kama betri ndogo, na anayelipa gharama ni alumini. Ukiongeza chumvi, mambo huenda mbio zaidi. Ndiyo maana sufuria iliyolala na maji ya chumvi huamka na vidoadoa. Ubaya wa ndege ni kwamba ulaji huu hupenya katikati ya bati, tabaka zikafumka kama kurasa za daftari lililolowa, huku rangi ya nje bado inang'aa.

Mtu atauliza: mbona Kimondo cha Mbozi kiko palepale na ni chuma kitupu? Kile ni bonge la zaidi ya tani 10, lenye urefu wa kama mita 3. Kutu ikila milimita moja, hakuna atakayejua. Bati la ubavu wa ndege ya kivita, mahali pengi, unene wake haufiki milimita 2. Likiliwa milimita moja, limekwisha.

Sasa utaelewa kwa nini Wamarekani hupeleka ndege zao Tucson, Arizona. Tangu 1946, kambi ya Davis-Monthan imekuwa ikipokea ndege za kijeshi zilizopumzishwa, na leo zimepangwa kwa maelfu. Mvua ya mwaka mzima pale haifiki milimita 300. Tukuyu hupata zaidi ya 2,000. Udongo wa kule nao ni mgumu kiasi kwamba ndege nzito husimama bila kumwagiwa zege. Mafundi huondoa silaha na baruti za viti vya kumrusha rubani, hutoa mafuta kwenye mfumo na kupitisha mafuta mepesi ya kulainisha, huziba matundu, kisha hupuliza utando mweupe unaorudisha jua. Utando huo hubanduliwa ndege ikihitajika, na kweli huhitajika: ndege kubwa ya mabomu aina ya B-52 iliyoegeshwa pale mwaka 2008 ilirudishwa angani 2015.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini, kuipandisha ndege iliyostaafu juu ya nguzo katikati ya mji kama kumbukumbu ni kuihukumu. Hata kuiezekea banda hakutoshi. Aliyelala Makete mwezi Juni kwenye nyumba ya bati isiyo na dari anayajua yale matone ya alfajiri. Mvua haijanyesha, bati limetoa jasho. Ndege nayo hutoa jasho hivyohivyo, tena ndani ya bawa ambako kitambaa hakifiki. Panahitajika jengo lililofungwa, hewa inayokaushwa kwa mashine, na mtu wa kuamka kila siku kuangalia. Gharama iko hapo, kwa miaka yote, hata baada ya watu wa sherehe ya ufunguzi kwenda zao.

Wapo wanaosema njia bora ya kuhifadhi ndege hizi ni kuziacha ziruke. Mimi sikubali moja kwa moja, kwa kuwa kila ukarabati wa kurushia huondoa kipande cha asili na kuweka kipya. Na siku moja hata wataalamu huisha: Vulcan, ndege ya mabomu ya Waingereza, ya mwisho kuruka ilitua mara ya mwisho mwaka 2015, baada ya kampuni zilizokuwa zikiitegemeza kiufundi kujitoa.

Iliyokwishaanza kuoza nayo hutibiwa. Mwaka 2013 Waingereza walitoa baharini Dornier 17, ndege ya Wajerumani iliyozama 1940. Waliilaza ndani ya mabanda marefu ya plastiki kwenye makumbusho ya Cosford na kuinyunyizia maji yenye asidi ya limau kidogo, ile ile iliyomo kwenye ndimu tunazosugulia sufuria, ili kuitoa chumvi taratibu.

Sufuria na ndege zimefuatana kwa njia nyingine pia. Mwaka 1940 Waingereza waliombwa watoe sufuria zao za alumini zitengenezewe ndege za vita. Vita vilipokwisha, ndege zikayeyushwa. Stirling, ndege ya mabomu iliyotengenezwa zaidi ya 2,300, haikubaki hata moja nzima.

Mbeya nayo ina kisa chake. Mwaka 1932 uwanja wa Mbeya ulikuwa kituo cha ndege za Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, kati ya Nairobi na Cape Town, na zilizotua ni DH.66 Hercules, zenye injini tatu na mabawa mawili-mawili. Baadaye baadhi zilichukuliwa na jeshi la anga la Afrika Kusini. Zilitengenezwa 11 tu duniani, na leo zimebaki kwenye picha.