Kumnyima mgonjwa sukari hakuiui saratani ya mapafu

Mzee mmoja wa Urambo, mkoani Tabora, mkulima wa tumbaku tangu ujana wake, aliletwa kwangu na binti yake baada ya mkutano wa elimu ya afya. Suruali ilishikiliwa kiunoni kwa kamba ya katani, maana mkanda ulikuwa umekwisha matundu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba taratibu, kama mtu anayeipima kila pumzi. Miezi michache nyuma alikuwa amekutwa na saratani ya mapafu huko Mwanza.

Binti akaeleza: "Daktari, tumemwachisha kila kitu chenye sukari. Chai anakunywa hivyo hivyo, uji hautiwi kitu, embe hagusi, hata michembe ya viazi vitamu tumemkataza. Tumesikia kansa inakula sukari."

Walifanya hivyo kwa mapenzi, na sikutaka kuwalaumu. Isitoshe, waliyoyasikia yana chembe ya ukweli. Katika miaka ya 1920 mwanasayansi wa Ujerumani, Otto Warburg, aliona kwamba vipande vya uvimbe wa saratani hula glukosi, yaani sukari iliyomo kwenye damu, kwa pupa na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki hata pale oksijeni inapokuwapo ya kutosha. Seli ya kawaida hufanya hivyo ikiishiwa hewa, kama msuli wa mguu unapokimbia mbio kali. Njia hiyo ni ya haraka lakini ina hasara: molekuli moja ya glukosi hutoa ATP 2 tu, yaani ile nguvu ambayo seli huitumia kufanyia kazi zake. Ikichomwa yote ndani ya mitokondria hutoa karibu 30. Warburg akahitimisha kwamba mitokondria za seli ya saratani zimeharibika.

Hapo ndipo alipokosea. Katika saratani nyingi za mapafu mitokondria ni nzima na zinafanya kazi usiku na mchana.

Mitokondria ni vijichumba vidogo ndani ya seli vinavyochoma chakula kwa msaada wa oksijeni. Kwa mtu wa Tabora napenda kuzifananisha na bani la kukaushia tumbaku. Mwenye bani hupenda kuni za miombo, lakini zikikosekana atachoma mkaratusi, na mkaratusi ukiisha atatafuta mti mwingine. Anachotaka ni moto usizimike mpaka majani yakauke. Seli ya saratani ya mapafu ina tabia hiyohiyo, na wanaoiwezesha kubadili kuni ni vimeng'enya.

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko moja mahususi la kikemia. Glukosi ikishakatwakatwa huwa piruvati, yenye kaboni tatu, na piruvati ikiingia ndani ya mitokondria inakuta njia mbili. Kimeng'enya kiitwacho piruvati dehidrojenasi huiondoa kaboni moja na kuipeleka iliyobaki ikachomwe kwenye mzunguko wa Krebs, yaani mfululizo wa mabadiliko ya kikemia ambao ndio moto wenyewe wa lile bani. Kingine, piruvati kaboksilasi, hufanya kinyume: huiongezea kaboni na kuitia kwenye mzunguko uleule kama malighafi.

Kwa nini seli ya saratani ihitaji hiyo njia ya pili? Kwa sababu haitafuti nguvu peke yake. Seli inayogawanyika bila kukoma inajenga: inataka mafuta ya utando, inataka protini, inataka viungo vya DNA. Vingi kati ya hivyo huchotwa kwenye mzunguko wa Krebs. Ukichota bila kurudishia, kisima kinakauka, na piruvati kaboksilasi ndiyo inayorudishia. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kimeng'enya hiki kinafanya kazi zaidi ndani ya uvimbe wa mapafu kuliko kwenye nyama ya pafu iliyo jirani nao, na kwamba kukipunguza kulidumaza ukuaji wa seli hizo maabara.

Kuna na kimeng'enya cha tatu, glutaminasi. Hiki hakihitaji sukari kabisa. Kinaichukua glutamini, asidi-amino, yaani moja ya matofali ya protini, ambayo mwili huitengeneza wenyewe, hasa kwenye misuli, na kuiandaa iingie kwenye mzunguko.

Utafiti ninaoupenda kuueleza kuliko yote ulifanyika Dallas, Marekani, ukatolewa mwaka 2016. Wagonjwa waliokuwa wanasubiri upasuaji walitundikiwa dripu ya glukosi yenye kaboni nzito kidogo, isiyo na madhara, ambayo mashine inaweza kuitambua popote iendako. Uvimbe ulipotolewa, watafiti waliifuata ile kaboni. Waliikuta ndani ya mzunguko wa Krebs, kumaanisha mitokondria zilikuwa zinaichoma. Na pale ambapo uvimbe ulipata damu nyingi, seli zilitegemea pia vyakula vingine visivyo glukosi. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba uvimbe wa mapafu unaweza kuichoma hata laktati iliyomo kwenye damu, itokanayo na ile asidi ya laktiki, tuliyozoea kuiona kama taka.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Damu yote ya mtu mzima hubeba kwa wakati mmoja kama gramu 5 za glukosi, sawa na kijiko cha chai, na mwili huulinda mno ule ujazo. Asipokula, ini hutengeneza glukosi, na sehemu ya malighafi hutoka kwenye nyama ya misuli. Kwa hiyo uvimbe unaendelea kupata sukari na glutamini yake, huku mapaja na mabega ya mgonjwa yakiyeyuka. Mgonjwa aliyedhoofika huvumilia tiba kwa shida zaidi. Kwa hesabu hiyo, ile kamba ya katani ilinitisha kuliko kijiko chochote cha sukari.

Hata dawa zimekwama kwenye tabia hii ya seli kubadili kuni. Dawa iliyotengenezwa kukizuia glutaminasi ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu na haikuleta nafuu iliyotarajiwa. Utafiti unaendelea, ila wanaofunga njia moja sasa wanajua wajiandae kwa njia ya pili.

Kinachoanzisha saratani hii mara nyingi ni moshi wa sigara, kwa kemikali zake zinazoharibu DNA. Moshi wa kuni ndani ya nyumba nao haufai kwa mapafu. Na kikohozi kinachozidi wiki mbili kipimwe kifua kikuu. Kipimo kikionyesha hakipo na kikohozi kinaendelea, au kohozi lina damu, au mwili unakonda, ombeni picha ya kifua. Msikae nyumbani.

Binti aliuliza: "Basi asali je?" Nikamwambia asali ni sukari pia, na kwa baba asiye na kisukari kijiko ndani ya uji hakina neno, mwenye kisukari afuate masharti ya daktari wake. Nikamwomba aongeze karanga zilizotwangwa kwenye uji, dagaa au yai kila siku, na amrudishie michembe yake kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku. Mzee alikuwa akisikiliza kimya. Mwishoni akamgeukia: "Embe nalo umelisikia?"

Aliporudi kupimwa uzito, mizani ilisimama palepale pa mara iliyopita. Kwa miezi mitatu ya nyuma ilikuwa ikishuka kila safari.