Karatasi haisikii mlio wa mashine: majeshi yalivyopima ujuzi wa kazi

Mzee mmoja anayetengeneza mashine za boti pale Kirumba, Mwanza, alinisimamisha hivi karibuni, mikono imejaa oili. "Mwalimu, wewe si ndiye unayefundisha watu kutunga mitihani? Hivi karatasi inasikia mlio wa mashine?" Kijana wake, anayeweza kukuambia plagi imekufa wakati boti bado iko mbali na ufukwe, alikuwa amefeli nadharia kwenye mtihani wa ufundi. Aliyefaulu, mzee alidai, hajawahi kufungua kabureta.

Nilimjibu kwa habari za jeshi. Sijui mwajiri mwingine aliyeingia gharama kubwa kulitafutia jibu swali hilo kuliko jeshi la Marekani.

Mwaka 1917 na 1918 walipima akili za askari wapatao milioni 1.7, wasiojua kusoma Kiingereza wakipewa mtihani wa picha. Hayo yalihusu nani anafundishika. Kama askari aliyekwisha kufundishwa anaijua kazi yake ni jambo jingine, na hapo ndipo jeshi lao la anga lilipofanya kazi ninayoiheshimu. Tangu 1970 wakaanza kupandisha vyeo kwa pointi. Kwa miaka mingi, kati ya pointi 460, 100 zilitoka kwenye mtihani wa kazi mahususi ya askari, 100 kwenye maarifa ya jumla ya kijeshi, na zilizobaki kwenye ripoti za wakubwa, nishani, muda wa utumishi na muda wa kukaa kwenye cheo. Aliyekosa cheo aliweza kuona pointi zake zimepungukia wapi.

Watu wengi hudhani mtaalamu wa upimaji hujifungia chumbani na kutunga maswali. Sivyo. Kwanza askari wa fani husika hupewa orodha ndefu ya majukumu, kila mmoja aonyeshe anayoyafanya na yanamla muda kiasi gani. Kama mafundi wengi hushinda kwenye breki, breki ndizo zitakazobeba maswali mengi. Kisha huitwa masajenti wakongwe wa fani hiyohiyo, nao ndio wanaoandika. Mtaalamu hukaa pembeni akiuliza maswali ya kuudhi: jibu hili liko ukurasa gani wa kitabu cha mafunzo? Kwa nini majibu matatu ya uongo ni mafupi na la kweli ni refu? Mtihani ukishafanyika, swali ambalo wanaoijua kazi wanalikosa huku wasioijua wakilipata hutiliwa shaka. Mara nyingi kosa ni la swali.

Jeshi la nchi kavu lilitaka zaidi ya karatasi. Mwaka 1977 likaanzisha mtihani wa ujuzi wenye maandishi, vitendo mbele ya msimamizi, na uthibitisho wa kazi kutoka kikosini. Ulikuwa mtihani mzuri, lakini mzigo. Karatasi inaweza kupima ukumbi mzima asubuhi moja; vitendo vinadai vifaa, uwanja, na mtu wa kumtazama kila askari. Miaka ya 1980 vitendo vikaondolewa kwenye mtihani huo, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wenyewe ukafutwa.

Miaka hiyohiyo ya 1970 kulikuwa pia na kashfa, ambayo mvuvi yeyote ataielewa. Kuanzia 1976 majeshi yote ya Marekani yalitumia mtihani mmoja kuchuja wanaotaka kujiunga, lakini jedwali la kugeuza alama lilikuwa na kosa lililowapandisha wenye alama za chini. Ni kama mizani ya sangara inayoongeza kilo huku kila mtu akiiamini. Kosa liligundulika 1980, na vijana wengi ambao wasingefikia kiwango walikuwa wameshavaa sare. Bunge likauliza swali ambalo nalipenda mpaka leo: kwani hao waliopita kwa makosa, kazi imewashinda?

Ikabidi kazi yenyewe ipimwe. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1980 askari walifungua bunduki, walifunga majeraha ya bandia na kutengeneza mitambo huku mtazamaji akijaza hatua moja moja: amefanya, hajafanya. Ilionekana kwamba anayejua kwenye karatasi kwa kawaida hufanya vizuri pia kwa mikono, lakini si lazima. Na pengo la wastani kati ya askari weusi na weupe, lililokuwa kubwa kwenye mtihani wa maandishi wa kazi ileile, lilipungua kwa takriban nusu walipopimwa kwa vitendo. Karatasi, pamoja na kupima kazi, ilikuwa inapima kusoma.

Hata hivyo sikumpa mzee ushindi wote. Fundi asiyejua oili kiasi gani inachanganywa na petroli ataua mashine ya mtu. Na mambo ya hatari yanayotokea kwa nadra, kwa mfano moto ndani ya boti, huwezi kuyapima kwa kuichoma boti moto.

Jumamosi iliyofuata tulikaa karakanani kwake tukaandika hatua za kufufua mashine iliyozama: toa plagi, mwaga maji, kausha kabureta, mpaka kuvuta kamba. Hatua ya mwisho aliitaka iwe "sikiliza mlio." Nikamwomba yeye na mdogo wake wampime kijana yuleyule, kila mmoja na karatasi yake, bila kusemezana. Kwenye hatua nyingine zote walikubaliana. Kwenye mlio, mzee aliandika ndiyo, mdogo wake hapana, na nilipoondoka walikuwa bado wanabishana.