Hatifungani ya shule: mkopo unaopigiwa kura

Kwetu shule ikipungukiwa madarasa, mwenyekiti wa mtaa hupita na daftari la michango. Kila kaya itoe kiasi fulani, asiye na fedha abebe mawe au achimbe msingi, na jengo likifika usawa wa lenta tunaanza kuisubiri serikali iezeke. Marekani shida hiyo hiyo wanaitatua kwa njia nyingine: wakazi wanaulizwa kwenye sanduku la kura kama wako tayari kukopa. Wakikubali, wilaya ya shule inatoa hatifungani.

Hatifungani ni hati ya deni. Anayeinunua amemkopesha aliyeitoa, kwa kawaida analipwa riba kila kipindi, na siku ya kuiva anarudishiwa mtaji wake. Wakenya walionunua M-Akiba kwa simu mwaka 2017, kuanzia shilingi 3,000, walikuwa wanaikopesha serikali yao. Kwenye shule mkopaji ni wilaya ya shule, na neno wilaya hapo lisikuchanganye. Haina mkuu wa wilaya wala kituo cha polisi. Ni mamlaka ya elimu yenye mipaka yake na bodi iliyochaguliwa na wananchi, na sehemu nyingi ina uwezo wa kuwatoza kodi.

Kura inaingilia kwenye hiyo kodi. Shule ya umma haitozi ada, kwa hiyo haina mapato ya kulipia mkopo. Deni linalipwa na kodi ya nyumba na ardhi, inayoongezwa juu ya ile ya kawaida hadi mkopo uishe, mara nyingi miaka 20 au 30. Hatifungani ya maji ya Tanga ya mwaka 2024, ile ya shilingi bilioni 53.12, inategemea mapato ya mamlaka ya maji yenyewe, ndiyo maana hakuna mtu wa Tanga aliyeitwa kuipigia kura.

Kila jimbo lina kipimo chake. Texas inatosha kupata zaidi ya nusu ya kura. Idaho lazima zifike theluthi mbili. California ndiyo yenye historia ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1978 wapiga kura wake walipitisha Pendekezo la 13, kodi ya nyumba ikafungwa kwenye asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa, na mlango wa hatifungani za shule ukafungwa nayo. Mwaka 1986 ukafunguliwa kwa sharti la theluthi mbili. Mwaka 2000, Pendekezo la 39 likashusha kiwango hadi asilimia 55, lakini kwa masharti: orodha ya kazi ijulikane kabla ya kura, hesabu zikaguliwe kila mwaka, na iundwe kamati ya wananchi ya kusimamia matumizi, akiwemo mzazi mwenye mtoto katika wilaya hiyo. Novemba 2024 wakazi wa Los Angeles waliiidhinishia wilaya yao ya shule dola bilioni 9 kwa utaratibu huo.

Fedha hizo hazilipi mishahara ya walimu. Hapo ndipo manung'uniko mengi yanapoanzia: watu wanaona ukumbi mpya wa michezo unang'aa, na mwaka huo huo walimu wanapunguzwa. Mifuko ni miwili, na sheria imeziba njia ya kutoka mmoja kwenda mwingine.

Swali lenyewe kwenye karatasi ya kura ya California halizidi maneno 75. Linaanza kwa mapaa yanayovuja na madarasa ya sayansi, na ukiendelea utakuta kiwango cha kodi, kwa mfano dola 60 kwa kila dola 100,000 za thamani. Mimi ningeanza kusoma hapo. Nyumba iliyokadiriwa dola 400,000 italipa dola 240 kwa mwaka, yaani 20 kwa mwezi. Thamani inayohesabiwa ni ile iliyo kwenye vitabu vya kaunti, wala si bei ambayo dalali angekutajia leo. Mpangaji haletewi bili hiyo, ila mwenye nyumba anajua kupandisha pango.

Dola 60 hizo ni makadirio tu. Kinachoamua mzigo hasa ni namna mkopo ulivyopangwa, jambo ambalo karatasi ya kura haina nafasi ya kulieleza. Wilaya ya shule ya Poway, karibu na San Diego, iliuza mwaka 2011 hatifungani zilizoiingizia takriban dola milioni 105. Ili kodi isipande wakati huo, malipo yakasogezwa mbele miaka kama 20, na riba ikawa inazaa riba muda wote huo. Deni la kulipa likakaribia dola bilioni 1. Wengi watakaolilipa walikuwa watoto wakati shule zinajengwa. Kelele zikawa nyingi, na mwaka 2013 bunge la California likaweka kikomo: jumla ya marejesho isizidi mara nne ya kilichokopwa.

Texas nao wamechagua kusema wazi. Tangu 2019, swali la hatifungani ya shule lazima liandikwe kwamba hili ni ongezeko la kodi ya mali, hata pale wilaya inapoahidi kwamba kiwango kitabaki kilekile. Ndugu zetu walionunua nyumba Houston au Dallas wakiwa na ukazi wa kudumu tu, bila uraia, hawaruhusiwi kulijibu swali hilo. Bili ya kodi inawafikia kama kawaida.