Pawasaplai mbili si kinga mpaka uwe umechomoa moja

Kazi yangu ni kutunza seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine, na katika yote yanayoziangusha, hitilafu za pawasaplai, kile kifaa kinachoilisha seva umeme, ndizo zinazoniuma zaidi, kwa sababu nyingi zingezuilika. Seva nyingi za kazini huja na pawasaplai mbili. Moja ikifa, nyingine hubeba mzigo wote na mtumiaji hajui lolote. Tatizo ni kwamba ile ya kwanza hufa kimya kimya. Seva inaendelea kufanya kazi, na nyuma ya raki, kabati la chuma linalobeba seva, mahali ambapo hapiti mtu, taa moja ya kijani imegeuka rangi ya machungwa. Inaweza kukaa hivyo miezi. Pawasaplai ya pili inapokufa ndipo simu zinaanza kuita, na kila mtu anauliza leo kumetokea nini, wakati hitilafu ni ya zamani.

Ndiyo maana nikikabidhiwa seva yoyote, kwanza nahakikisha inaweza kusema. Ndani yake kuna kidhibiti kidogo, BMC, kinachofanya kazi hata mfumo endeshi ukiwa umezimwa, alimradi umeme upo, na ndicho kinachosoma hali ya kila pawasaplai. Programu ya ipmitool huzungumza na BMC, na amri yake ya ipmitool sdr type "Power Supply" itakuonyesha kama pawasaplai ipo, kama imeharibika, au kama ni nzima ila haipati umeme. Ila usitegemee kukumbuka kuiandika. Taarifa hiyo iingie kwenye mfumo wa ufuatiliaji na imfikie mtu anayejulikana, si sanduku la barua pepe la idara ambalo halifunguliwi. Kisha chomoa waya mmoja uone kama ujumbe unafika kweli.

Pili, fuata nyaya kwa mkono. Nimekuta mara nyingi seva ya pawasaplai mbili, nyaya zote mbili zimechomekwa kwenye safu moja ya soketi. Breka ya safu hiyo ikikata, pawasaplai zote zinakufa pamoja. Waya mmoja uende upande A, mwingine upande B, na pande hizo zitoke kwenye breka tofauti, na ikiwezekana kwenye UPS tofauti, yaani kifaa cha betri kinachoshika umeme wa kawaida unapokatika. Mimi hutumia nyaya za rangi mbili ili kosa lionekane hata kwa mtu anayepita tu. Tarehe 8 Agosti 2016, shirika la ndege la Delta la Marekani lilipatwa na hitilafu ya umeme kwenye kituo chake cha data huko Atlanta. Mkuu wake alieleza baadaye kwamba kati ya vifaa 7,000 hivi, takriban 300 havikuwa vimeunganishwa na umeme wa akiba. Safari zaidi ya 2,000 zilifutwa. Umeme wa akiba ulikuwepo. Vifaa hivyo ndivyo havikuufikia.

Tatu ni hesabu, na hapa ndipo hata mafundi wazuri huteleza. Chukua seva yenye pawasaplai mbili za wati 750. Ikila wati 900, kila moja inabeba 450 na kila kitu kinaonekana shwari. Ikifa moja, iliyobaki inatakiwa kutoa 900, haiwezi, na seva inazima. Raki nayo ni hivyo hivyo: kama upande A unavuta ampea 10 na upande B ampea 10, na kila breka ni ya ampea 16, basi siku A ikikatika, B inarukiwa na ampea 20, nayo inakata. Raki nzima inakuwa giza kwa sababu ya hitilafu ya upande mmoja. Usiangalie kila upande peke yake. Jumlisha pande zote mbili, na jumla hiyo ikae chini ya uwezo wa upande mmoja kwa nafasi ya kutosha. Mimi sipendi kuona upande wowote ukipita asilimia 40 katika siku ya kawaida. Na pima saa ya kazi nyingi, maana namba za usiku wa manane zinadanganya.

Kuhusu kuzeeka, angalia joto. Ndani ya pawasaplai kuna kapasita zenye kimiminika, vijisehemu vinavyohifadhi chaji ya umeme, na kanuni inayotumika ni kwamba joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, maisha yake hupungua kwa nusu. Vumbi likiziba feni, joto linapanda. Kapasita ndizo pia zinazoishikilia seva kwa takriban milisekunde 10 hadi 20 umeme unapopepesa. Ukiona seva fulani inajiwasha upya kila UPS inapopokea mzigo huku jirani zake zikisimama imara, shuku pawasaplai zake kabla hujailaumu UPS. Betri za UPS nazo, zile za risasi zilizofungwa, kwa kawaida hudumu miaka 3 hadi 5, pungufu kwenye chumba chenye joto.

Weka akiba ya pawasaplai ya modeli ileile na wati zilezile, kwa sababu seva nyingi hukataa mchanganyiko. Siku ya kubadilisha, ajali kubwa ni kuchomoa ile nzima. Washa taa ya utambulisho ya seva kutoka kwenye BMC, nenda nyuma ya raki, hakikisha pawasaplai inayobaki ina taa ya kijani, ndipo uchomoe waya wa ile iliyoharibika na kuivuta. Sukuma mpya mpaka isikike ikijifunga, chomeka waya, kisha subiri BMC iripoti kuwa zote mbili ziko hai. Usiondoke kabla ya hapo.