Yuen Wah: kutoka mbadala wa Bruce Lee hadi nyota wa uzeeni

Iangalie tena Enter the Dragon ya mwaka 1973. Ile samasoti ya kinyumenyume inayomwangusha adui O'Hara haikupigwa na Bruce Lee, ilipigwa na Yuen Wah. Bruce hakuwa na mpinzani kwa ngumi na mateke, lakini sarakasi haikuwa fani yake, kwa hiyo kila palipohitajika kupinduka hewani aliitwa huyu kijana mwembamba.

Kazi yangu ni kupanga mapigano ya filamu, na vijana wengi ninaowafundisha hudhani mbadala, yaani anayemchezea steringi matukio magumu, ni mtu wa kuruka tu. Kuruka ndiko kwepesi. Mbadala hujifunza mwendo wa steringi wake: anavyokunja goti kabla ya kuondoka chini, anavyobana mabega, anavyotua. Picha hukatwa mwendo ukiwa katikati, mmoja akaanza na mwingine akamalizia. Miili miwili ikipishana kidogo tu, mtazamaji anashtuka. Huku ni kuigiza, tena kugumu, maana uso hauruhusiwi kuonekana.

Yuen Wah alilelewa katika shule ya opera ya Kichina ya mwalimu Yu Jim-yuen, Hong Kong, pamoja na Jackie Chan, Sammo Hung na Yuen Biao. Huko mtoto alifundishwa kuimba, kuigiza, kupindua sarakasi na kushika silaha kwa pamoja, bila kuambiwa hili ni la mwigizaji na lile ni la mpiganaji.

Matunda yake yanaonekana alipoanza kupewa wahusika. Katika Mr. Vampire (1985) yeye ndiye maiti anayerukaruka, mwili umekakamaa, mikono imenyooka mbele; mtu aliyezoea kujikunja kama nyoka amejinyima viungo vyake vyote. Halafu Eastern Condors (1987), ambayo kwangu ndiyo kazi yake bora ya uadui. Ni jenerali mwenye kipepeo cha kujipepea mkononi na kicheko chembamba cha kukera, unamdharau kabisa mpaka anapoanza kupigana. Mwaka uliofuata, katika Dragons Forever, alipigana huku sigara kubwa ikiwa mdomoni.

Watu wengi wanamjua kwa Kung Fu Hustle ya 2004, na wana haki. Yeye ni baba mwenye nyumba, mlevi, mpenda wanawake, mkewe anamtupa nje kupitia dirishani. Mke huyo ni Yuen Qiu, waliyesoma naye shule ileile. Tazama anavyotembea kwa kulegea katika nusu ya kwanza ya filamu, kisha tazama anapofichua taichi yake, mapigano ya Kichina ya mwendo laini: ulegevu ni uleule, ila sasa unameza nguvu za adui na kuzirudisha. Hakubadili mwili, alibadili nia tu. Nafasi hiyo ilimpatia tuzo ya mwigizaji msaidizi bora katika Tuzo za Filamu za Hong Kong mwaka 2005, zaidi ya miaka 30 baada ya samasoti ile, na mwaka 2021 alikuwa bado kazini, akicheza mzee Guang Bo katika filamu ya Shang-Chi.