Siga nzuri kwenye hewa kavu ya Dodoma

Mtu akiniuliza siga gani ni nzuri, namuuliza kwanza kama ataivuta leo au anakwenda kuiweka. Hapa Dodoma jibu lake lina uzito kuliko nchi ilikotoka siga na kuliko pete ya karatasi iliyovalishwa. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kifuku kikishapita hewa inakauka mpaka midomo inapasuka. Jani la tumbaku nalo linapasuka. Siga ya bei mbaya iliyokaa wiki kadhaa kwenye kabati la kioo bila unyevu ni majani makavu tu, na ya kawaida iliyotunzwa itaishinda.

Ishike kabla hujalipa. Ibane polepole kwa kidole gumba na cha shahada, kuanzia mwisho unaowashwa hadi kichwani, upande wa mdomoni. Inatakiwa ibonyee kidogo, kisha irudi. Ukiisikia inalia kwa ukavu, irudishe. Ukikuta sehemu laini isiyo na kitu ndani, hapo itawaka kwa kasi na moshi utakuwa wa moto. Ukikuta fundo gumu, utavuta hadi mashavu yaume. Halafu itoe kwenye mwanga wa mlangoni, maana taa za dukani zinapamba kila kitu. Jani la nje likiwa zima lina mng'ao wa mafuta, mishipa membamba na rangi isiyo na mabaka. Mwisho unaowashwa ndio unaotangulia kupasuka, kwa hiyo ukague zaidi hapo.

Vitundu vya mviringo vyenye ukubwa wa kichwa cha pini ni kazi ya mdudu wa tumbaku, Lasioderma serricorne. Mayai yake hujificha kwenye jani na huanguliwa joto likipanda, na Oktoba na Novemba huku kwetu joto hilo linaingia hadi kabatini. Mzigo nisioufahamu naufunga kwenye mifuko miwili isiyopitisha hewa, unakaa friza siku tatu, unahamia friji siku moja, ndipo unatoka. Ukiutoa friza na kuuweka mezani moja kwa moja, majani yatapasuka.

Siga ina sehemu tatu: majani ya ndani, jani la kufungia na jani la nje. Kwa mteja mgeni huwa nachana moja ya bei rahisi kwa wembe, kutoka kichwani hadi chini, tuone pamoja. Zile za mashine mara nyingi humwaga vipande vidogovidogo vinavyoungua haraka na kuingia mdomoni. Iliyosokotwa kwa mkono vizuri ina majani marefu, kutoka mwisho hadi mwisho, yaliyokunjwa ili hewa ipite katikati yake. Na majani hayo hayatoki sehemu moja ya mmea. Ya chini, volado, husaidia siga iwake. Ya kati, seco, ndiyo yenye harufu. Ya juu, ligero, yamepigwa jua zaidi, ni mazito na makali, tena yanawaka polepole, ndiyo maana msokotaji anayaweka katikati kabisa. Anayekwambia siga ni kali kwa sababu kwa nje ni nyeusi anakupoteza. Weusi wa maduro, yaani siga yenye jani la nje jeusi, unatokana kwa kiasi kikubwa na kuchachushwa muda mrefu zaidi, na mara nyingi huja na utamu.

Hapo ndipo huja swali la Kitanzania: Tabora na Urambo wanalima tumbaku yote ile, mbona hatusokoti siga zetu? Tumbaku ya kule kwa sehemu kubwa ni ya mvuke. Jani linakaushwa kwenye bani kwa joto la kuni, siku chache tu, sukari yake inabaki na linatoka la njano. Hilo ni jani la sigara za kawaida. Jani la siga linaning'inizwa bandani likaushwe na hewa kwa wiki kadhaa, kisha linapangwa marundo makubwa ambayo hujipasha joto yenyewe. Linachachuka, amonia inatoka, ukali wa kukereketa unapungua. Rundo linavunjwa, linapangwa upya, linaachwa tena, na kazi hiyo huchukua miezi, kwa majani mengine miaka. Udongo wa Vuelta Abajo, kule Pinar del Río nchini Cuba, unasifiwa kwa haki, lakini bila marundo yale usingetoa kitu cha kuvutika. Afrika nayo ina jina lake katika biashara hii: jani la nje la Kameruni, jembamba na lenye vijipele, ambalo wasokotaji wa Jamhuri ya Dominika wamelitumia kwa miaka mingi.

Cuba isikupumbaze. Serikali ya kule ilipotaifisha viwanda mwaka 1960, na Marekani ikaweka vikwazo vya biashara mwaka 1962, mafundi wengi waliondoka na ujuzi wao. Leo Estelí huko Nicaragua inatoa siga ambazo mimi naziweka mbele ya nyingi za Havana kwa bei ileile. Halafu kuna suala la bandia. Vikao vya bajeti vikianza Aprili na mji ukajaa waheshimiwa na wageni wao, Cohiba za ajabu, zinazojifanya chapa hiyo maarufu ya Cuba, huzagaa. Boksi lenye mfuniko wa kioo, achana nalo bila mjadala. Boksi halisi la Cuba ligeuze chini: maneno "Hecho en Cuba" (imetengenezwa Cuba) na "Totalmente a mano" (kwa mkono kabisa) yamechomwa kwenye mbao, hayajabandikwa kwa karatasi.

Siga nyingi hutufikia kupitia Dar es Salaam, na safari hiyo ndiyo inayoziua. Pwani hewa ina unyevu mwingi, siga inakunywa na kuvimba. Mtu anaitia mfukoni mwa koti, anapanda SGR, saa chache baadaye yuko Dodoma. Jani la nje ni jembamba, linatoa maji upesi na kusinyaa wakati ya ndani bado yamevimba, na jioni unakuta limeachia kuanzia chini. Kuirushia maji kunaongeza balaa, maana majani ya ndani yatavimba tena na kumalizia kulipasua. Isafirishe kwenye mfuko unaobana, pamoja na pakiti ya unyevu, ile ndogo inayoshikilia unyevu wa hewa kwenye kiwango kilichoandikwa juu yake.

Nyumbani lengo ni unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na joto la nyuzi 18 hadi 21 ukiweza. Huku chini ya bati hutaweza kila siku, basi weka chini kabisa ya kabati, ukuta usiopigwa jua. Masanduku ya mbao ya mwerezi wa Kihispania yanapendeza mezani, lakini kiangazi chetu kinaifanya mbao yenyewe ing'ang'anie unyevu uliokusudiwa siga. Mimi napendekeza kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, kipande cha mwerezi ndani na pakiti ya asilimia 65. Halina hadhi, linafanya kazi.

Kipimo cha unyevu nacho usikiamini kabla hujakijaribu. Jaza chumvi ya mezani kwenye kizibo cha soda, dondoshea maji iwe tope bila kuyeyuka, kiweke na kipimo ndani ya mfuko unaobana, ulale. Hewa ya humo hutulia kwenye asilimia 75. Asubuhi kikisoma 70, ujue kinapunguza tano, na utakuwa unajazia mwenyewe kila unaposoma.

Kwa anayeanza ninachagua Robusto yenye jani la nje la Connecticut, jepesi na la rangi ya maziwa na kahawa. Unene hupimwa kwa sehemu ya 64 ya inchi, hivyo Robusto ya 50 ina unene wa karibu milimita 20, na urefu wake ni kama inchi tano. Inatosha dakika 45 hadi saa moja. Usivute na njaa. Nikotini itakutoa jasho jembamba, na dawa ya hapo ni kitu chenye sukari.

Kata kofia ya kichwani milimita mbili hivi, usivuke mstari inapoishia, la sivyo jani litafunguka. Washa kwa kiberiti cha gesi au njiti ndefu, siyo cha petroli kinachoacha ladha. Mwali usiguse siga. Izungushe juu yake hadi ukingo uwe mwekundu pande zote. Julai hadi Septemba upepo wa Dodoma utakuwashia upande mmoja tu, kwa hiyo kaa nyuma ya ukuta. Pumzi moja kwa dakika inatosha, na moshi unabaki mdomoni, haushuki kifuani. Hilo halikufanyi salama: saratani ya mdomo na koo haijali kama ulimeza moshi. Sheria ya mwaka 2003 nayo imezuia kuvuta kwenye maeneo ya umma, na aliye chini ya miaka 18 simuuzii.

Kinywaji? Mvinyo mwekundu mkavu wa hapa hugombana na siga nyepesi. Mtamu wa zabibu za Makutupora unakwenda na maduro vizuri sana. Asiyekunywa pombe, chai ya rangi yenye tangawizi inamtosha.

Theluthi ya mwisho hupata uchungu na joto, hakuna aliyekulazimisha kuimaliza. Ilaze kwenye kisahani izimike yenyewe, maana ukiikandamiza itanuka nyumba nzima. Na kipande kilichozimika usikirudishe kwenye kontena, kwani harufu ya masizi itahamia kwenye zote zilizomo.